Mkaa Nyumbani Alipokaa

Mkaa nyumbani akikaa, nyumba haikaliki.

Sefu, wewe ndiye uliyeniuliza maana yake, tena umeuliza huku umeshika kikombe changu cha chai, kwa hiyo utasikiliza mpaka chai iishe. Na wewe Zuhura, acha kucheka. Mambo yenyewe ni ya mama yako na baba yako. Ulikuwepo, ila ulikuwa darasa la pili na akili yako yote ilikuwa kwenye kuruka kamba.

Sefu ameoa miezi mitatu iliyopita, sote tulikula pilau. Leo alipokuja kunijulia hali nikamuuliza, "Mkeo hajambo? Anafanya nini siku hizi?" Akanijibu kwa mdomo mwepesi, "Hajambo, bibi. Hana kazi, amekaa tu nyumbani." Ndipo nikaitoa hiyo methali. Akanitazama kama mtu aliyepewa chenji ya nchi nyingine. Akauliza, "Mkaa? Mkaa wa gunia, bibi, au wa debe?"

Simlaumu. Wamechanganyikiwa wakubwa kuliko yeye. Wako wanaodhani ni methali ya wauza mkaa. Wako wanaoapa kwamba ni ya wahenga. Wahenga walikuwa wameshakufa wote siku ile, na mimi nilikuwepo. Methali hii ilizaliwa kwenye kiti cha uvivu, hapahapa uani, nami nitawaambia ilivyozaliwa.

Mwanangu Mhando, kama mnavyomjua, ni fundi cherehani. Cherehani yake iko pale njia panda, barazani kwa muuza vitambaa. Kazi ya fundi cherehani ni kukaa. Anakaa asubuhi, anakaa mchana, miguu inakanyaga, mikono inasukuma kitambaa, lakini makalio hayatoki kwenye kigoda ila kwa swala na chakula. Sisemi kwa ubaya. Ni kazi ya heshima, imetulisha. Nataka tu mkumbuke kwamba huyu ni mtu wa kukaa.

Mkewe Mwajabu alikuwa mwalimu wa chekechea. Alikuwa na filimbi yake shingoni, na akiipuliza mara moja watoto arobaini wanasimama kama mahindi shambani. Kisha mimi nikateleza kisimani nikavunjika nyonga, na mwezi huohuo yeye akajifungua mtoto wa pili. Akaomba ruhusa ya wiki sita. Wiki sita zikawa mwaka, mwaka ukaita mwenzake. Hakuna aliyemwambia, "Mwajabu, acha kazi." Wala hakuna aliyemuuliza kama anataka kuacha. Ilikwenda tu, kama maji yanavyokwenda bondeni. Filimbi ikatundikwa kwenye msumari, na mimi niliyekuwa natembea kwa miguu miwili nikawa natembea kwa miguu minne: miwili yangu na miwili ya Mwajabu.

Kazi alizokuwa akizifanya sitawahesabia. Nikihesabu, mtadhani nimezimaliza.

Basi, Alhamisi moja ya masika, Mhando yupo nyumbani kwa chakula cha mchana, amejilaza kwenye kiti chake cha uvivu, akaja karani wa kijiji, Shekiondo, na daftari kubwa kwapani. Kijiji kilikuwa kinaandika upya wakazi wake: jina, umri, kazi, mifugo. Daftari lilitakiwa kupelekwa kata Jumamosi asubuhi. Na tangazo lilikuwa limepigwa kwa kipaza sauti mitaa yote: "Atakayetoa taarifa za uongo atachukuliwa hatua." Hatua gani, hakuna aliyejua, ndiyo maana watu waliogopa.

Shekiondo akaketi, akalamba ncha ya kalamu kama kawaida yake, ingawa kalamu ni ya wino.

"Kazi yako, Mhando?"

"Andika fundi mkuu."

"Mko mafundi wangapi?"

"Niko peke yangu."

"Basi fundi inatosha. Mke?"

"Mwajabu."

"Kazi yake?"

Wakati huo Mwajabu alikuwa anapita katikati yao. Ndoo ya maji kichwani, mtoto mgongoni, mkono mmoja umeshika fimbo yangu, mwingine umenishika mimi mwenyewe, kwa maana alikuwa ananirudisha kutoka chooni.

Mhando akamtazama, nasema kweli alimtazama kwa macho yake mawili, akasema, "Huyo hana kazi. Anakaa tu nyumbani."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anavyosema leo kuna mawingu. Shekiondo akaandika huku anajisomea, maana yeye asiposikia herufi haamini kama ameiandika: "A-na-ka-a nyu-mba-ni."

Mwajabu akaniketisha jamvini. Akatua ndoo polepole, tone moja halikumwagika.

"Baba Shekiondo, hapo umeandika nini?"

"Unakaa nyumbani, mwanangu."

"Na anayesema uongo?"

"Atachukuliwa hatua."

"Aliyesema, au aliyesemwa?"

Shekiondo akakuna kichwa kwa kalamu. "Hapo sasa... Nadhani aliyesema. Au wote. Sikuuliza."

"Ahsante, baba."

Mhando akainuka kumsindikiza mgeni. Aliporudi, alimkuta mkewe amelala kwenye kiti cha uvivu, mtoto kifuani, miguu imenyooka, macho yanatazama paa la jikoni kama mtu aliye stesheni anasubiri gari moshi.

"Mama Zuhura, unaumwa?"

"Siumwi. Nakaa."

"Unakaa mpaka saa ngapi?"

"Daftari halikuandika saa. Baba Zuhura, mimi sitaki mume wangu achukuliwe hatua. Umesema nakaa, basi nakaa, usije ukaonekana mwongo."

Mhando akacheka. Akaondoka kwenda kwenye cherehani yake anacheka, na huko nilisikia alimsimulia kila mteja. "Atachoka kukaa," alisema. Yeye aliyekaa miaka kumi na sita bila kuchoka!

Nami nilicheka. Nilidhani ni mzaha wa siku moja. Lakini Mhando alipotoweka, Mwajabu akaniambia kwa sauti ya chini, bila kunitazama, "Mama, daftari linaondoka keshokutwa. Likiondoka na neno hilo, na mimi naondoka na wanangu. Kama kazi yangu ni kukaa, hata kwa mama yangu kuna viti."

Nikatazama chini ya kile kiti. Palikuwa na mfuko. Ndani kanga mbili, nguo za mtoto, na kamba ya filimbi inachungulia nje kama ulimi wa mjusi.

Sikucheka tena. Nitawaambia ukweli ingawa haunipendezeshi: nilijiogopea mimi kwanza. Nikawaza, akiondoka huyu, miguu miwili kati ya minne yangu imekwenda. Baadaye kidogo ndipo nikamwogopea mwanangu. Nikamwambia, "Ngoja nimwite Mhando, nimweleze."

"Usimweleze, mama. Ukimweleza, atatafuta maneno matamu. Maneno anayo. Mimi nataka aone."

Nikanyamaza. Kwangu mimi kunyamaza ni kazi nzito kuliko kutwanga.

Sasa, jambo la mkaa. Muuza mkaa wetu alikuwa anapita Alhamisi alasiri kwa baiskeli. Hasimami. Lazima umpigie ukelele kabla hajapinda kwenye msikiti, akishapinda ndiyo basi mpaka wiki ijayo. Aliyekuwa anajua saa ya kumpigia ukelele ni mmoja tu, naye alikuwa amekaa. Tulimwona anapita. Mimi nilimwona, Mwajabu alimwona, hata mtoto alimwonyesha kidole. Akapinda.

Ijumaa asubuhi Mhando akasimama mbele ya jiko lililopoa, sufuria mkononi.

"Mama, mkaa uko wapi?"

"Umekaa kwenye kiti chako," nikamjibu.

"Nauliza mkaa!"

"Nami nakujibu mkaa. Anayekaa si mkaa? Umesema mwenyewe anakaa nyumbani. Basi huyo ndiye mkaa nyumbani."

Akanitazama kwa huruma. Nikaona kabisa anawaza, mama yangu uzee umeingia. Zuhura, wewe ulikwenda shule umekula muhogo wa jirani. Baba yako alikunywa maji baridi akasema yanafaa kwa afya. Mimi alinipeleka chooni yeye mwenyewe, na kwa kuwa ni mwana mwenye adabu alifumba macho njia nzima. Tuligonga mbuzi, kisha tukagonga mlango, kisha mbuzi yuleyule tena.

Mwajabu alitazama yote hayo. Mara mbili nilimwona anataka kuinuka. Mkono wake ulishika ubao wa kiti, kisha ukalegea. Msidhani kukaa kulikuwa kutamu kwake. Mtu aliyezoea kusimama, kukaa humuuma mgongo.

Baada ya swala ya Ijumaa, Mhando akiwa amerudi kututazama, akaja Mwalimu Mbelwa, yule wa shule ya msingi, kuchukua shati lake la kuvaa harusini. Mhando akalitoa, akalikung'uta, akalinyoosha mbele yake kwa fahari.

Mwalimu akalivaa palepale. Akavuta upande wa kulia, akavuta wa kushoto.

"Fundi, shati zuri. Nalifungaje?"

Mhando akainama. Vifungo havikuwepo, wala matundu ya vifungo.

"Huwa yapo," akasema.

"Huwa yapo, anayatoboa nani?"

"Huwa..." Mwanangu akapapasa ukingo wa shati. "Naliacha shati hapa jioni. Asubuhi lina matundu na vifungo. Sijawahi... Huwa yanatokea tu."

"Yanatokea," Mwalimu Mbelwa akarudia, kwa sauti ile anayotumia kusoma majibu ya wanafunzi. "Kama uyoga."

Mwajabu akatazama mawingu.

Na mawingu yalikuwepo. Mvua ya usiku uliopita ilikuwa imelowesha shamba la mbaazi nyuma ya nyumba, na humo shambani walikuwa wanaishi siafu. Mimi nimeishi nyumba hii tangu kuolewa, na kila masika niliona Mwajabu akimwaga majivu nyuma ya jiko. Nilidhani anayatupa. Kumbe alikuwa anazungushia nyumba mstari, kila asubuhi, kona kwa kona, siafu wakifika hapo wanageuka. Tangu jana mchana hakuna mkaa, hakuna moto. Hakuna moto, hakuna majivu. Na mstari wa zamani mvua imeuosha.

Siafu walianza na kuku. Kisha wewe Zuhura ukatoka jikoni unapiga mayowe, tenga la vifaranga kichwani. Kisha mimi, niliyekuwa barazani, nikahisi kitu kidogo kwenye kidole cha mguu, nikakitazama, nacho kikanitazama.

"Mhando!" nikaita. "Nibebe!"

Akaniweka mgongoni, akatoka nami mbio, nao wakawa wameshampanda. Nimeona ngoma nyingi, lakini ile ambayo mwanangu aliicheza siku ile, na mimi mgongoni, haijapigwa bado. Mwalimu Mbelwa naye akaruka hadi uani na shati lake lisilofungika linapepea. Uani nako siafu wamechora barabara zao. Tukawa sote tunakanyagakanyaga kama watu walioibiwa viatu kwenye mchanga wa mchana. Hakuna aliyekaa.

Isipokuwa mmoja.

Mwajabu alikuwa amelala kwenye kiti cha uvivu, na kila mguu wa kiti ulikuwa ndani ya kopo la maji. Makopo manne. Siafu wanafika kwenye kopo, wanapima, wanarudi. Ameyaweka saa ngapi sijui.

"Hiyo nayo si kazi?" nikampigia kelele kutoka mgongoni.

"Hapana, mama," akasema. "Huku ni kukaa vizuri."

"Fundi, tuingieni basi ndani!" Mwalimu Mbelwa akalia.

"Ndani hakuingiliki! Nyumba haikaliki!" Mhando akajibu, na hapo ndipo ulimi wangu ukajitikisa wenyewe. Nikasema, "Si ndivyo? Mkaa nyumbani akikaa, nyumba haikaliki."

Mwalimu akasimama kwa mguu mmoja. "Mkaa gani huo, mama?"

"Mkaa!" Mhando akasema. "Tangu asubuhi ananiambia mkaa!"

Katikati ya kuchanganyikiwa huko Shekiondo akatokea mlangoni, daftari ndani ya mfuko wa plastiki.

"Hodi jamani. Bi mkubwa, jana nilisahau umri wako."

"Andika ishirini," nikamwambia.

"Mtani wangu, kwa uongo utachukuliwa hatua."

"Hatua nilizobakiwa nazo ni chache, Shekiondo. Mkizichukua na hizo nitatembeaje?"

Mhando hakucheka. Alikuwa ametulia ghafla, siafu kwenye vifundo vya miguu, na mimi nikamsikia moyo wake kwa kifua changu. Alikuwa anatazama chini ya kiti. Ameuona mfuko. Ameiona kamba ya filimbi.

"Mama Zuhura, mfuko huo wa nini?"

"Wa kukaa, baba Zuhura. Kesho daftari likiondoka kama lilivyo, nakwenda kukaa kwa mama."

"Unatania."

"Wewe ulitania ulipomwambia karani?"

Siafu tu ndio waliokuwa na shughuli.

Mwanangu akamgeukia Shekiondo, mimi nikageuka pamoja naye, sikuwa na hiari. "Mzee, futa lile neno."

"Daftari la kata halifutwi. Wakiona mkwaruzo wanalirudisha lote, naanza upya kaya mia mbili na kumi. Kufuta siwezi. Kuongeza naweza, pana nafasi ya vidole viwili. Niambie anafanya kazi gani, niongeze."

"Ongeza mpishi," Mhando akasema.

"Na anayeniogesha ni nani?" nikauliza kutoka juu.

"Basi ongeza muuguzi."

"Na vifungo vyangu?" Mwalimu Mbelwa akasema. "Huyu ni fundi. Tena fundi mkuu, kwa maana wako wawili."

"Na majivu je?" nikasema.

"Majivu ni kazi gani?" Shekiondo akauliza. "Askari wa mpaka?"

"Chagueni moja!" Shekiondo akapaza sauti. "Vidole viwili, jamani, si gazeti!"

"Tena Shekiondo," nikamwambia, "juu ya hilo daftari mmeandika nini?"

Akaligeuza. "Daftari la Wakazi."

"Mtu asiye na kazi anakuwaje mkazi?"

Shekiondo akasoma jalada, midomo inatembea. Akasoma tena. Nikamwona amepotea kabisa, kama mtu aliyeingia mlango wa nyumba yake akakuta soko. "Muulizeni mwenyewe," akasema mwishoni. "Mwajabu, mwanangu, wewe unafanya kazi gani?"

Sote tukamtazama. Nilitegemea atatupa jibu la kutuaibisha, la kukatisha maneno. Yule alikuwa mwalimu, angeshindwaje?

Akambadilisha mtoto bega.

"Sijui," akasema.

Shekiondo akainua kalamu.

"Kweli sijui, baba. Nilipokuwa nafundisha, nilikuwa na jina. Nikiulizwa, najibu. Hili ninalolifanya sasa halina jina, ndiyo maana mtu akiulizwa anasema nakaa. Msiniandike mpishi, sikuolewa nipike. Msiniandike muuguzi, huyu si mgonjwa wangu, ni mama. Na msiniandike fundi, vifungo vile nilikuwa navitia ili baba Zuhura apumzike jioni tuzungumze. Kuna siku nalipenda. Kuna siku naisikia kengele ya shule nalia. Mimi mwenyewe nimechanganyikiwa, sasa nyinyi mtanisaidiaje? Ila jambo moja nalijua. Sikai."

Mwanangu akanishusha. Aliniweka juu ya jiwe la kufulia, taratibu, akanipangusa siafu miguuni, mmoja mmoja. Kisha akamwendea Shekiondo.

"Ongeza hivi. Akikaa, nyumba haikaliki."

"Hiyo ni kazi?"

"Sijui kama ni kazi, mzee. Mimi jana nilidhani najua, nikasema uongo mbele ya karani. Leo sijui, lakini hilo nililolisema sasa si uongo. Nitazame miguu."

Shekiondo akamtazama miguu. Ilikuwa imevimba kama mihogo. Akalamba kalamu, akaandika, akajisomea kwa sauti, na maneno yalipokosa nafasi kwenye safu ya kazi yakamwagikia safu ya mifugo, ndiyo maana mpaka leo kata haijui tuna mbuzi wangapi.

Mwajabu akanyoosha mkono. "Nione."

Akasoma. Akasoma mara ya pili, kidole chini ya mstari, kama wanavyofanya walimu.

"Baba Shekiondo, umeandika haikariki. Ni haikaliki."

"Herufi haifutwi..."

"Hiyo utaifuta."

Akaifuta kwa wembe, kwa hofu, polepole. Naye Mwajabu akatoa miguu kwenye kiti, akaruka kopo la maji, akasimama. Akamfunga mtoto mgongoni, akatutazama sote tulivyosimama pale, mwalimu, karani, fundi, bibi juu ya jiwe.

"Mmesimama mnangoja nini? Nani ana majivu?"

Jamani, walivyotawanyika! Mwalimu Mbelwa alikwenda nyumba tatu, Shekiondo alileta ya kwake kwenye kofia, na Mhando alirudi na karai zima kichwani, uso mweupe kama mzimu. Kabla jua halijazama nyumba ilikuwa inakalika.

Huko kata, nasikia, makarani walibishana juu ya mstari ule siku nzima. Mmoja alisema ni kazi mpya. Mwingine alisema ni ugonjwa. Wa tatu akausoma kwa sauti mbele ya wanawake waliokuja kuchukua barua, nao hawakubishana, walicheka mpaka wakashikana mabega, wakaondoka nao kila mmoja kijijini kwake. Mtu mmoja alikula neno, mwingine akaongeza, na maneno yangu ya mgongoni yakaungana na yale ya daftari. Ndivyo ilivyokuja kuwa methali. Wahenga hawakuwa na habari.

Mnataka kujua kama alikwenda kwa mama yake? Alikwenda, kusalimia, akarudi Jumatatu. Filimbi ikarudi kwenye msumari. Mhando alijifunza kutoboa matundu mwenyewe, na mashati ya mwaka ule mtayajua, vifungo vyake vinapanda ngazi. Na jioni moja alimuuliza mkewe swali ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza, si mimi, si yeye: "Mama Zuhura, unataka kurudi shuleni, au unataka nini?"

Mwajabu alisema, "Umeniuliza sasa hivi, ngoja nifikiri." Alifikiri mwezi mzima, tukawa tunatembea kwa vidole. Kisha asubuhi moja akasema, "Kwa sasa nakaa."

Mhando aliruka kutoka kwenye kiti chake cha uvivu kama aliyekalia sindano. "Usikae! Tafadhali, mama Zuhura, usikae!"

Mwajabu alicheka mpaka machozi. Neno ni lilelile, Sefu, herufi zilezile. La kwanza alipewa, la pili alilichagua. Tofauti yake nyingine mimi siwezi kukueleza, niliishia darasa la nne.

Haya, chai imekwisha, naona unakunywa kikombe kitupu. Nikuulize tena, kama ulipoingia. Mkeo yuko wapi sasa hivi?

"Yuko nyumbani, bibi. Amek..."

Amefanyaje?

"Yuko nyumbani."

Anafanya nini?

"Sijui, bibi."

Sasa umeanza kusema kweli. Vaa viatu vyako uende kutazama, na ukifika mlangoni chungulia kwanza. Ukimkuta ameinama, muulize akupe nini ushike. Lakini ukimkuta ametulia, miguu imenyooka, anatazama paa, usimwambie neno. Kimbia ukatafute majivu, mjukuu wangu, maana mkaa nyumbani akikaa, nyumba haikaliki.